Kopo Chini ya Mnara wa Taa

Mtu yeyote aliyefika kwenye lango la hifadhi ile ya taifa, ile iliyoko ukingoni mwa bahari, alimkuta Fursa amesimama kando ya kibanda cha tiketi. Shati lake lilikuwa la kaki, lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Suruali ya kaki, kofia ya kaki, soksi za kaki. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni kazi. Hifadhi haikumwajiri wala haikumtambua, na siku ambazo askari wa lango walikuwa wameshiba vizuri walimfukuza mpaka barabarani. Lakini mgeni anayeshuka garini na kuona kaki haulizi barua ya ajira. Anauliza choo kiko wapi, na kutoka chooni mpaka kutembezwa hifadhi nzima ni suala la mdomo.

Mdomo huo alikuwa nao. Jabali lililokaa kama kiti alilitungia malkia aliyekuwa akisubiri mume wake arudi kutoka vitani. Pango lenye popo alilitungia mfungwa mtoro. Mgeni akiuliza hayo yalitokea mwaka gani, Fursa alivua kofia, akaishika kifuani na kusema, "Zamani, mheshimiwa. Zamani ya uchungu." Hapo hata mgeni mbishi aliona aibu kuendelea.

Asubuhi moja alikuwa akiwatembeza mume na mke, watu wazima wenye kofia pana na viatu vya kupandia milima. Walipofika chini ya mnara wa taa, kwenye ncha ya miamba, waliacha kabisa kumsikiliza. Mume alitoa simu akaanza kuzunguka jiwe moja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mke alipiga magoti, akapenyeza mkono kwenye ufa, akavuta kopo la plastiki lenye mfuniko, yale ya kuwekea chakula. Wakakumbatiana, wakarukaruka kama watoto.

Fursa akajua ni almasi. Akasogea. Ndani ya kopo mlikuwa na gololi, kifungo cha koti, kipande cha penseli na karatasi yenye majina ya watu. Mke akachukua gololi, akaacha kishikio cha ufunguo chenye picha ya kobe, akaandika jina lake, akafunga kopo na kulirudisha palepale.

"Ndiyo imekwisha?" Fursa aliuliza, roho ikimuuma kwa niaba yao.

"Imekwisha. Ni mchezo tu," mke alisema. "Watu dunia nzima wanaficha makopo, wanaonyesha mahali pake kwenye simu, na wengine wanakwenda kuyatafuta. Ukichukua kitu, unaacha kitu."

"Kitu gani?"

"Chenye thamani ileile. Au zaidi."

Kuna maneno yanayoingia sikio hili na kutokea lile. Haya mawili, *au zaidi*, yalipoingia kwa Fursa yalivuta kigoda yakakaa.

Nyumbani kwa Fursa palikuwa na vyumba viwili na cherehani. Cherehani ilikuwa ya mke wake, na ndiyo iliyowalisha, maana mume alileta habari zaidi kuliko unga. Wiki ile cherehani ilikuwa haipumziki, kwani mdogo wake mke alikuwa anaolewa Jumamosi, na kila shangazi na kila binamu alitaka gauni lenye mikono ya aina yake. Ndani ya kabati, chini ya mashuka, ndani ya kitambaa cha pamba kilichokunjwa vizuri, mlikaa bangili ya mama mkwe. Ilikuwa ya dhahabu, nene kama kidole gumba, imechorwa majani madogo madogo kuizunguka. Mama mkwe aliivaa siku alipoolewa, mke wa Fursa akaivaa siku alipoolewa, na sasa ilisubiri mkono wa mdogo mtu.

"Baba watoto," mke alikuwa amemwambia siku bangili ilipoingia mle kabatini, pini zikiwa zimebanwa midomoni, "hii si yangu na si yako. Ikipata hata mkwaruzo, mimi na cherehani yangu tunarudi kwa mama."

Siku ile Fursa alikohoa tu. Sasa, mke alipoinama kutafuta uzi, bangili iliondoka kabatini ikakaa mfukoni mwa kaki. Kuazima tu, jamani. Itarudi kabla ya Jumamosi, imepata hewa ya bahari, kuna ubaya gani?

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Saluni. Huyu alikuwa na saluni ya viti vitatu na vioo virefu, na tabia ya kuwaambia wateja kuwa nywele zao zimeharibiwa na msusi mwingine ili wamlipe mara mbili. Fursa alimkuta akisafisha vitana.

"Dada, kuna wageni wenye pesa zao wameichoka dhahabu," alimwambia kwa sauti ya chini, kama daktari anayeleta majibu. "Wanaitupa kwenye makopo."

"Dhahabu inachosha tangu lini?"

"Kwako wewe haichoshi kwa sababu hujashiba."

Alimpeleka mpaka kwenye mnara wa taa akamwonyesha kopo lake mwenyewe, jipya, lililofichwa kwenye ufa wa upande wa pili. Mama Saluni aliitoa bangili, akaing'ata, akaisugua kwenye ukanda, akaipima kiganjani, akaing'ata tena. Macho yake yalilainika.

"Na wewe kwa nini hujaichukua?"

"Dada! Mimi ni afisa. Tulikula kiapo."

"Na mimi niiache kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ukichukua bila kuacha, simu zao huko zinaona, na wiki ijayo hawaweki tena. Leta kitu chako, kiweke humu, kopo lilale nacho usiku mmoja. Huko kwao wanahakiki. Kesho yake unakuja kuchukua bangili kihalali kabisa."

Mama Saluni hakuwa mtoto. Alitaka aonyeshwe kwenye simu kwamba mchezo huo upo kweli. Hapo ndipo Fursa alipofanya jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona la akili mno: aliingia kwenye ule mchezo, akajiandikisha, akalisajili kopo lake pale mbele ya macho ya mteja. Alama ndogo ya kijani ikawaka kwenye ramani, juu kabisa ya mnara wa taa. Mama Saluni akaamini. Kwamba alama ile iliwaka pia kwenye simu ya kila mpenda makopo duniani, hilo halikumpitia Fursa kichwani. Mtu anayetega nyavu hatazami mgongo wake.

"Nina mkufu," Mama Saluni alisema taratibu. "Mwembamba kidogo. Lakini wageni watajuaje?"

"Watajuaje!" Fursa aliitikia, na wote wawili wakacheka, kila mmoja akimcheka mwenzake.

Wa pili alikuwa Dalali wa viwanja, bwana mwenye tumbo la heshima ambaye aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa ndugu wawili wasiosemezana. Naye aling'ata. Naye aliuliza kwa nini afisa hachukui, na habari ya kiapo ikamgusa sana. Angeleta saa yake ya mkononi, ya dhahabu, ambayo ilikuwa na kasoro moja ndogo ya kuchelewa. Kila mmoja aliambiwa kuwa ni yeye peke yake anayejua, na kila mmoja alipangiwa Ijumaa, Mama Saluni mchana, Dalali alasiri. Jioni Fursa angepita kuvuna mkufu, saa na bangili, bangili ikalale kabatini, na Jumamosi yeye acheze harusini kama mtu asiyejua lolote. Nani angekwenda kushtaki? Angesema nini polisi? Kwamba alikuwa anawaibia wageni akaibiwa yeye?

Basi Alhamisi jioni mama mkwe akaja kujaribu gauni lake.

Mama mkwe alikuwa ameuza mitumba sokoni tangu wanawe wakiwa mgongoni. Alikuwa na uwezo wa kutazama koti likiwa bado limefungwa kwenye robota akakwambia limetoboka kwapani. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameinua, huku bintiye akimbana pini kiunoni.

"Wakwe wetu wapya wameshafika," alisema. "Bwana harusi, baba yake na shangazi yake. Nimekodi gari, kesho nawaleta hifadhini kwako watembee."

Kijiko kilimponyoka Fursa. "Kesho, mama? Kesho kuna... ukaguzi."

"Vizuri. Waone na ukaguzi."

"Mama, kazi yangu inabana sana Ijumaa."

"Baba, miaka yote hii unaniambia wewe ni mkubwa kule. Afisa mzima anashindwa kutembeza wakwe zake?"

"Atawatembeza, mama," mke alijibu badala yake, bila kuinua macho. "Na kesho jioni nitaitoa ile bangili niisugue ing'ae."

Fursa alisema ameshiba, ingawa sahani yake ilikuwa haijaguswa.

Asubuhi alipanda pikipiki yake, kitu pekee duniani alichokilipia mpaka senti ya mwisho, akaifuata barabara ya hifadhi kabla jua halijachachamaa. Angeweza kuahirisha, tumseme kwa haki. Lakini wateja walitaka kuona bangili kabla ya kuweka vyao, na mkufu ni mkufu, saa ni saa. Akaiweka bangili ndani ya kopo, kopo ndani ya ufa, akarudi langoni. Mpango ulikuwa mwepesi: wakwe angewazungusha kwenye mikoko, upande mwingine kabisa, mpaka miguu iwawake moto waombe kurudi.

Gari lilipofika alimpigia saluti askari wa lango na kusema kwa sauti kubwa, "Kazi njema, kamanda!" Askari alishangaa hata akasahau kumfukuza.

Wakashuka. Baba wa bwana harusi, mzee mpole anayeshukuru kila kitu. Bwana harusi mwenyewe, kijana mrefu mwenye haya. Kisha shangazi yake, muuguzi mstaafu mwenye raba nyeupe na simu aliyoining'iniza shingoni kwa kamba. Mama mkwe alishuka mwisho, mkoba kwapani.

Walipita kwenye daraja la mbao lililojengwa juu ya mikoko. Fursa aliwaonyesha kaa wekundu akasema wanachagua mfalme kila mwezi mpevu. Aliwaonyesha mizizi iliyochomoza kwenye tope akasema ni dawa ya usahaulifu, ila watu husahau kuichuma. Mzee alishukuru. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka simu ya shangazi ilipolia ti-ti-ti.

"Jamani!" shangazi alisema. "Kuna kopo!"

"Kopo gani, dada?" mama mkwe aliuliza.

"Ni mchezo, mwenzangu. Mimi tangu nistaafu ndiyo raha yangu." Akaueleza wote, kuficha, kutafuta, kuchukua, kuacha kilicho sawa au zaidi. "Na hili ni jipya la wiki hii, hapo kwenye mnara wa taa. Hakuna hata mmoja aliyelipata! Nitakuwa wa kwanza!"

Fursa alihisi jasho jembamba likishuka mgongoni chini ya kaki. "Kule kuna nyuki, shangazi."

"Nina dawa mkobani."

"Na bahari inajaa."

"Mbona naona mawe makavu kutoka hapa?"

"Pamefungwa."

"Wewe si afisa, mwanangu? Fungua."

Wakaenda. Shangazi alitangulia na raba zake nyeupe kama anayekimbilia mgonjwa. Fursa alijaribu kuwapita, lakini mama mkwe alikuwa amemshika mkono, amsaidie kupanda, na mkono ule ulishika kama ulivyozoea kushika robota. Walipofika, shangazi alikuwa ameshapiga magoti. Kopo lilitoka. Mfuniko ukafunguka.

Bangili ikang'aa juani. 

Mama mkwe akatoa miwani mkobani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa. Akachukua bangili, akaizungusha polepole, majani yote madogo yakapita mbele yake moja baada ya jingine. Kisha akamgeukia Fursa, akamtazama kwa namna alivyotazama makoti.

Mdomo wa Fursa haukumsubiri mwenyewe. "Mshangao!" ukasema.

"Mshangao," mama mkwe alirudia.

"Mshangao wa harusi, mama! Siku hizi bangili ya bibi harusi haichomolewi kabatini kama sufuria. Inafichwa, upande wa bwana harusi wanaitafuta, wakiipata ni baraka! Nilitaka iwe siri."

Mzee alitokwa na machozi ya furaha. Shangazi akasema hajawahi kuona ukarimu wa namna hii tangu aanze mchezo.  Mama mkwe aliendelea kuishika bangili, na huenda angeyasema yote palepale kama nyuma ya jiwe kubwa kusingetokea Mama Saluni.

Alikuwa amevaa miwani nyeusi na mtandio uliofunika hadi kidevu, amekuja asubuhi badala ya mchana, maana usiku kucha aliwaza kwamba mwingine atamwahi. Mkufu ulikuwa umening'inia mkononi. Alipoona watu akaganda.

"Karibu, mwanangu," mama mkwe alisema. "Umepotea?"

"Hapana, mama. Nilikuwa... nimekuja..." Akamtazama Fursa, na Fursa akatazama bahari. "Nimekuja kuacha kitu."

"Kwenye hili kopo?"

"Ndiyo."

"Mkufu huo?"

"Ndiyo, mama."

Basi mama mkwe akaona robota zima, kamba, pindo na tundu la kwapani. Akatabasamu. Fursa, aliyemfahamu, aliona afadhali angepigwa kofi.

"Wakwe zangu!" mama mkwe alipaza sauti. "Kumbe mkwe wangu hakuishia kwenye bangili! Ameita na marafiki zake walete zawadi za bibi harusi! Weka, mwanangu, usione haya. Weka wakuone."

"Zawadi?" Mama Saluni alisema kwa sauti nyembamba.

"Mungu akubariki, binti," mzee alisema, akimshika mikono yote miwili. Shangazi akapiga kigelegele kilichowarusha ndege kwenye mnara. Simu ikampiga picha mbele ya kopo. Nani mwenye uso wa kusema hapana, mimi nilikuja kudhulumu? Mkufu ukaingia koponi.

Hapo Dalali akachomoza upande wa pili, akihema, kofia ameivuta mpaka puani. Kumbe naye hakulala. Alipoliona kundi aligeuka, lakini tumbo lake halikugeuka kwa kasi ileile.

"Na huyu je?" mama mkwe aliuliza. "Bwana, na wewe ni rafiki wa mkwe wangu?"

"Mimi napita tu," Dalali alisema. "Nilisimama kuangalia saa."

"Saa nzuri jamani! Ya dhahabu! Ya bwana harusi hiyo!"

"Hapana, hii inachelewa..."

"Inachelewa lakini imefika," shangazi alisema, na papo hapo kijana mrefu mwenye haya akamkumbatia, saa ikaingia koponi. Dalali aliyewauzia ndugu wawili kiwanja kimoja alisimama kwenye jua, mkono wake mtupu, akipigwa picha. Yeye na Mama Saluni waliondoka kwa njia moja, wakitembea mbalimbali, wala hawakuagana.

Fursa alianza kupumua. Alipiga hesabu haraka: mkufu umekwenda, saa imekwenda, lakini bangili imepatikana, na mke hatajua. Mtu ataishi.

"Sasa," mama mkwe alisema, amelishika kopo kwa mikono miwili kama bakuli la supu. "Wageni wametoa. Na aliyepanga yote haya, mnadhani amemwekea nini bwana harusi?"

Shangazi akachungulia. "Sioni kitu chake."

"Anaweka cha mwisho. Ndivyo wakubwa wanavyofanya." Akamsogelea. "Bado wewe, baba."

Fursa akatoa kitana. Mama mkwe akalisogeza kopo pembeni. Akatoa leso safi kabisa. Kopo likasogea tena. Mama mkwe akainama sikioni mwake, na kwa wakwe ilionekana kama mama anambariki mwanawe.

"Mke wako anatafuta bangili jioni hii," alinong'ona. "Nimweleze mimi ilivyotembea mpaka huku, au utamweleza wewe?"

Ufunguo wa pikipiki ulitoka mfukoni polepole sana, kama jino. Ulipogonga ndani ya plastiki ulilia *tok*. Kijana mwenye haya akapiga kelele za furaha ambazo hakuna aliyejua anazo. Mzee akasema kwao hawajawahi kupata ukoo wenye mkono wazi kiasi hiki. Fursa akavua kofia, akaishika kifuani. Uchungu wa safari hii ulikuwa wa kweli.

Langoni, bwana harusi aliiwasha pikipiki, akaondoka akiyumbayumba kwa raha. Wengine wakapanda gari. Fursa naye akanyanyua mguu kwenye ngazi.

"Wapi tena?" mama mkwe aliuliza kutoka kiti cha mbele. Kopo lilikuwa mapajani mwake, na bangili mkononi, mahali ambapo haitatoka tena mpaka kesho.

"Nyumbani, mama. Si tunakwenda wote?"

"Na kazi? Hata mchana haujafika. Hatuwezi kumtoa afisa wa serikali kazini, wakwe zangu watatuona watu wa namna gani?" Akamgonga dereva begani. "Twende, baba."

Gari likaondoka. Shangazi alipunga mkono dirishani, na mzee akapunga, na Fursa akapunga pia, wima, katika kaki yake, mpaka vumbi likawameza. Barabara ya kurudi mjini ilikuwa ndefu na haikuwa na kivuli hata cha dawa. Nyuma yake askari wa lango, aliyekwisha kumaliza kushangaa, alikuwa anavaa mkanda wake taratibu.

Basi dogo likasimama. Wakashuka wageni, kamera shingoni, wakamwona.

"Samahani," mmoja akamwuliza. "Wewe ni afisa wa hapa?"

Fursa alimtazama mgeni, akamtazama askari, akaitazama barabara.

"Hapana," akasema, na lilikuwa neno la kweli la kwanza kumtoka wiki ile. "Lakini choo kiko kule."